Namba Saba Hawajafika

Kwa karatasi, shangazi yangu alimbeba baba yangu mgongoni miaka saba kabla yeye mwenyewe hajazaliwa. Msishangae. Karatasi za kwetu zina uwezo huo.

Ilikuwa hivi. Karakana ya mapazia ilipotangaza nafasi za kujifunza kushona, ilitaka wasichana wasiozidi miaka kumi na minane. Shangazi alikuwa na thelathini. Akaingia ofisi ya vitambulisho asubuhi na thelathini yake, akatoka saa sita mchana ana kumi na saba, na njaa. Kwa kuwa ni mwembamba na ana meno mazuri, hakuna aliyeuliza. Leo karatasi zinasema ana thelathini na nne, mwili unasema arobaini na saba, na sisi wa nyumbani tumefundishwa kukubaliana na karatasi.

Baba, mdogo wake wa kumfuata, angekuwa na arobaini na moja. Alifariki miaka sita iliyopita. Siku alipopimwa sukari kwa mara ya kwanza alikuwa tayari hajitambui, na daktari alituuliza kwa nini tumechelewa. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kuna saa tuliyotakiwa kuwahi.

Tangu hapo shangazi ndiye mama, ndiye baba, ndiye polisi wa zamu. Na mimi, bila yeye kujua, nikawa mpelelezi wake. Nilianza kuona mambo. Chupa ya maji ya lita mbili anaimaliza kabla ya saa nne. Chooni anakwenda mpaka majirani wanamsalimia huko huko. Uzi, ambao zamani alikuwa akiutunga kwenye sindano huku akigombana na mtu, sasa ananiita mimi nimtungie. Sketi yake ya kazini ameipunguza kiunoni mara mbili ndani ya miezi mitatu, kisha anasema kitambaa ndicho kinachotanuka. Na watu wanamsifia! "Dada, umependeza, unarudi usichana." Naye anacheka, anazunguka kidogo, anaangalia huku na huku kama kuna kioo.

Mimi sicheki. Na mimi hucheka hata msibani, waulizeni walionifukuza.

Kwa hiyo lilipobandikwa tangazo kwamba Jumamosi kutakuwa na upimaji wa sukari kwenye ukumbi wa shule ya msingi, nikamvaa jioni hiyo hiyo.

"Shangazi, Jumamosi twende tukapime."

"Tukapime nini, mapazia?"

"Sukari."

"Sukari ninayo. Iko kabatini, kopo la bluu."

"Shangazi, unakunywa maji kama ngamia."

"Na umewahi kusikia ngamia amelazwa?"

Ukiniona mimi na mdomo huu, ujue niliurithi wapi.

Bahati nzuri msimamizi wa karakana aliwapa mafundi wote saa moja ya ruhusa. Asiyekwenda angebaki peke yake anakunja pindo za mapazia ya hoteli. Shangazi anaweza kuvumilia kiu, hawezi kuvumilia kukosa maneno. Akaja.

Mimi nilikuwa nimetangulia, tena nina cheo. Wapimaji walihitaji mtu wa kujaza fomu anayejua lugha yetu na lugha ya ofisini. Mtaani kwetu, nyuma ya kiwanda cha magodoro, hiyo ya pili tunaijua kwa kuombea kazi na kuombea radhi tu. Mimi nina cheti cha sekondari, ambacho hadi siku hiyo kilikuwa kimefanya kazi moja: kuziba tundu la dirisha. Wakanipa meza, kalamu mbili na beji. Beji niliivaa tangu Ijumaa.

Ukumbi ulikuwa na mabenchi ya watoto wa darasa la kwanza, kwa hiyo watu wazima walikaa magoti yamefika masikioni. Mbele kulikuwa na mzani, halafu meza yangu, halafu meza ya nesi: kompyuta, mashine ndogo ya kupimia, boksi la visindano, pamba, na harufu ya spiriti iliyomfanya kila mtu aongee kwa adabu. Nesi alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, raba miguuni. Kazi ilikwenda hivi: mimi najaza fomu, yeye anaingiza kwenye kompyuta, kompyuta inaamua. Ikitoa nyekundu, unatobolewa kidole. Ikitoa kijani, unaambiwa asante, nenda nyumbani.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mzee Risiti. Tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kutupa karatasi. Ana stakabadhi ya baiskeli iliyoibwa kabla mimi sijazaliwa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Soma taratibu, na usinirushie mstari."

Jina, umri, uzito, tukaenda vizuri mpaka swali la tano: asili yako. Visanduku kumi na mbili. Sisi tulikuwa namba saba, tumeandikwa kabisa, herufi zote zipo. Nikashusha kalamu. Mzee akaufunika mstari kwa kiganja.

"Hapo saba usiguse."

"Babu, saba ndio sisi."

"Najua ndio sisi. Waliwahi kuja kutuhesabu. Vijana wazuri kama wewe, wana kalamu, wana heshima, tukawapa na chai. Wiki mbili baadaye nyumba za mtaa wa pili zikapigwa alama za rangi nyekundu. Uliza leo mtaa wa pili uko wapi. Weka popote pasipo sisi."

Mtaa wa pili sasa ni maegesho ya malori. Nikatazama foleni. Watu wote walikuwa wamesikia, na wote walikuwa wananiangalia kalamu. Nikateremka mpaka kisanduku cha kumi na mbili, cha mwisho kabisa: Wengineo. Nikatia alama.

"Na mimi weka hapo hapo," akasema mama wa nyuma yake.

"Na mimi."

"Mimi na mume wangu, yuko msalani."

Kuanzia hapo sikuuliza tena. Mtu akikaa tu, nateremka mwenyewe hadi kumi na mbili. Nilijiona mjanja, mlinzi wa taifa. Maisha yetu yote tumekuwa wachache. Asubuhi ile, kwenye kisanduku cha wengineo, ndiyo mara ya kwanza tulikuwa wengi.

Wazee walitoa nyekundu, wakatobolewa, wakalalamika kwa sauti wasikike. Vijana na wazazi wa watoto wadogo walitoa kijani mmoja baada ya mwingine, wakaondoka wanapigana mabega kama waliofaulu mtihani. Mimi nikawa nawapigia makofi.

Saa tano na nusu karakana ikaingia kwa mkupuo. Shangazi alikuwa katikati, chupa kwapani. Akapanda mzani: kilo arobaini na nane. Akaja mezani kwangu, akaangalia beji.

"Mheshimiwa," akasema.

"Mama, jina lako nani?"

"Nitakuzaba kofi na hiyo beji yako."

Nikamjaza. Umri, thelathini na nne. Asili, kumi na mbili. Nikasimama nikaenda naye kwa nesi mwenyewe kutafsiri, maana huyo nilitaka kumwona anatobolewa kwa macho yangu.

Nesi akauliza kwa lugha ya ofisini: je, anasikia kiu sana? Nikatafsiri.

"Hapana," akasema shangazi, huku anafunga kizibo cha chupa.

Anakwenda haja ndogo mara kwa mara?

"Mwambie mimi sio bomba."

"Anasema hapana," nikamwambia nesi.

Amepungua uzito?

"Mwambie nimepungua wasiwasi tu."

"Hapana."

Kuna ndugu wa damu mwenye kisukari?

Hilo nilitafsiri polepole. Shangazi hakufanya mzaha. Aliangalia mashine, kisha akaangalia raba za nesi, na chini ya meza akanikanyaga mguu, si kwa nguvu.

"Mwambie hakuna mwenye nacho."

Na ukilipima neno kwa neno, ni kweli. Aliyekuwa nacho hayupo. Nikatafsiri hivyo hivyo: hakuna. Kati ya mambo yote niliyowahi kutamka kwa lugha ya ofisini, hilo ndilo lililonitoka bila kosa la sarufi.

Kompyuta ikafikiri kidogo. Kijani.

"Bado kijana, hana dalili, na ni mwembamba," nesi akasema. "Arudi akifika arobaini."

Nikamtafsiria. Shangazi akapumua kwa pua, akachukua chupa yake. "Umeona? Kompyuta ina akili kuliko wewe."

Nikamshika mkono wa blauzi, nikamnong'oneza, "Nitamwambia una arobaini na saba."

Akarudisha uso karibu na wangu. Hakuwa anatania. "Mwambie. Jumatatu karakana wakisikia nilidanganya karatasi, nirudi nyumbani nikushonee nini? Hiyo beji?"

Mwanamke huyu siku moja cherehani ilimpitishia sindano kwenye ukucha, akaichomoa, akaendelea na pazia. Kwa hiyo kidole hakikuwa tatizo. Karatasi ndiyo ilikuwa inamuuma. Nikabaki nimeshika blauzi. Nikisema, namfukuzisha kazi. Nikinyamaza, tunarudi nyumbani na lile kopo la bluu, na mimi nilishaona mwisho wa safari hiyo.

Nesi akavua miwani, akajinyoosha mgongo. Hakuwa anajua lolote la ugomvi wetu.

"Kijana," akanambia, "nikuulize kitu. Watu wenu wako wapi?"

"Watu gani?"

"Namba saba. Tumeletwa mtaa huu kwa ajili yao. Nimezunguka ofisi tatu kuomba ukumbi huu. Tangu asubuhi nimepokea watu hamsini na wanane, wote wengineo. Namba saba hajafika hata mmoja. Wanatuogopa?"

Nikaangalia ukumbi. Namba saba walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, magoti masikioni, wanatafuna karanga.

"Kwani wakifika wao kuna tofauti gani?" nikauliza, sauti ikanitoka nyembamba.

"Kubwa. Watu wa asili hiyo ugonjwa huu unawapata mapema, tena wakiwa wembamba. Sababu zote hatuzijui bado. Kwa hiyo kompyuta haiwasubirishi mpaka arobaini. Miaka ishirini na mitano tu, tunapima, hata mtu awe kama uzi. Wengineo ndio wanaosubiri."

Nikahesabu kwa haraka: dereva wa bodaboda, kijani. Wale dada wawili wa saluni, kijani. Muuza vocha, ambaye nilimpigia makofi mawili zaidi kwa sababu ni rafiki yangu, kijani.

Ningeweza kutunga uongo. Nina kiwanda. Lakini shangazi alikuwa amesimama hapo, na kompyuta yake ilikuwa bado kijani.

"Nesi," nikasema, "wamefika. Wote unaowaona ni namba saba. Mimi ndiye niliyewaficha."

Nikamweleza: kiganja cha mzee, rangi nyekundu, maegesho ya malori. Hakunifokea; angenifokea ingekuwa nafuu. Alivaa miwani, akachukua fomu moja tupu, akainuka na raba zake mpaka kwenye benchi la mbele alikokaa Mzee Risiti na pamba yake kidoleni. Nikamfuata kutafsiri.

"Mwambie mzee anioneshe kwenye karatasi hii palipoandikwa anapokaa."

Mzee akaichukua. Akaisoma mbele. Akaisoma nyuma. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, kama anatafuta alama ya noti.

"Hakuna mtaa," akakiri. "Hakuna namba ya nyumba."

"Haipo kwa sababu hatuihitaji. Namba saba nahitaji ili nijue nani nimpime mapema. Akitaka kukataa, ni haki yake. Lakini asikatae bila kujua anachokikosa."

Nikatafsiri kila neno, kwa mara ya kwanza siku ile bila kuongeza chumvi. Mzee akailaza fomu gotini.

"Mwambie hiyo rangi nyekundu niliiona kwa macho yangu."

"Ameniambia kijana. Na pole sana, mzee."

Sidhani kama kuna mtu wa ofisi yoyote aliwahi kumpa pole kwa jambo lile. Mzee aliikunja fomu mara nne. "Nibadilishie," akanambia. "Weka saba. Na hii nakaa nayo."

Hapo nikapanda juu ya benchi, likapiga kelele, nikatangaza: nimekosea, mimi na mdomo wangu, waliotoa kijani na wana ishirini na mitano kwenda juu warudi, na walioondoka wapigiwe simu. Mama mmoja akauliza, "Na makofi uliyotupigia?" Nikamwambia anirudishie. Mtu akanitupia ganda la karanga. Nilistahili gunia.

Niliposhuka, shangazi alikuwa mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kazini. Mimi kompyuta imeshanijibu."

"Ilikujibu kwa swali la uongo. Nililiandika mimi."

"Basi na mimi nimeridhika na uongo wako. Mbona siku zote unaridhika na wangu?"

Sikuwa na mzaha tayari. Nikajikuta nasema tu, "Shangazi, baba alikuwa na thelathini na mitano. Mwembamba. Angekaa pale leo, na mimi mwanawe ningemtilia alama kumi na mbili, ingemtolea kijani. Ningempigia na makofi."

Alishika komeo la mlango. Akaling'ang'ania. Mafundi wenzake wakapita kurudi ndani, mmoja akamwita, hakuitika. Kisha akageuka, akanipita bila kuniangalia, akaenda kukaa kwenye kiti cha nesi, akaweka kiganja mezani, kimefunguka, kama mtu anayedai chenji.

"Mwambie atoboe."

Nesi akapangusa kidole, akatoboa, akakamua tone. Mashine ikahesabu sekunde zake. Sijawahi kuona kitu kidogo kinachojivuta kiasi kile. Ikalia.

Kumi na tisa nukta nne.

Nesi hakupiga kelele, hakushika kichwa. Alimpa pamba, akaniambia nitafsiri vizuri: hiyo ni juu sana, lakini amekaa mwenyewe, anaongea mwenyewe, amekuja kwa miguu yake. Leo hii aende hospitali na barua, watamchukua damu ya mkononi kuhakikisha, na kama ndivyo, ataanza dawa. Watu wanaishi nayo miaka mingi na wanazeeka nayo wakigombana na watoto wao.

"Hilo la kugombana mwambie nimeshaanza," akasema shangazi.

Nesi akaanza kuandika barua. "Lile swali la ndugu wa damu," akasema, "naomba nirudie."

Nikatafsiri. Shangazi akanitazama sasa, sawasawa machoni.

"Alikuwepo. Mdogo wangu wa kunifuata. Amekufa nacho."

Nikamwambia nesi: kaka yake. Nilidhani namwokoa. Lakini shangazi anaijua lugha ya ofisini kuliko anavyojifanya. Akainua kidole chenye pamba, akanisahihisha mwenyewe kwa lugha ile ile, neno moja moja, kama anashona kwa mkono:

"Mdogo. Mdogo kwangu. Mimi nilimbeba."

"Alifariki akiwa na umri gani?"

"Thelathini na mitano. Miaka sita sasa."

Kalamu ya nesi ikasimama. Nikaiona akili yake inajumlisha: mdogo mtu, arobaini na moja. Dada mtu, kwa fomu, thelathini na nne. Shangazi hakujificha popote. Alikaa wima, mikono mezani, anasubiri.

Nesi akaigeuza fomu kifudifudi.

"Mwambie hii fomu ni ya kompyuta, na kompyuta ina alichoipa. Mimi namwandikia daktari. Daktari anatibu mwili, kwa hiyo nahitaji umri wa mwili, na barua nitaibandika gundi. Karakana haimhusu daktari."

Nikatafsiri. Shangazi akainama, akamwambia nesi sikioni, yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa najua tayari, lakini nikageuka nikaangalia mzani.

Barua ikabandikwa. Shangazi akaitia ndani ya blauzi. Nikachukua chupa yake, nikamwambia tutoke, hospitali si mbali, nitamsindikiza.

"Ngoja kwanza," akasema nesi. "Huyu kijana ni nani yako?"

"Mtoto wa huyo mdogo wangu," akajibu shangazi, tena kwa lugha ya ofisini, tena haraka mno kwa ladha yangu.

"Ana miaka mingapi?"

"Ishirini tu!" nikadakia. "Ishirini na mitano bado kabisa. Kijani."

"Mwenye mzazi aliyeugua hasubiri ishirini na mitano."

Nikaeleza kwamba mimi ni mfanyakazi, nina beji, foleni ni ndefu, watu wananisubiri. Shangazi akasimama, akanikamata mabega kwa mikono ile ya kukokota majora ya vitambaa, akanikalisha kwenye kiti kilichokuwa bado na joto lake.

"Leta kidole, mheshimiwa."

"Shangazi, kidole kikitobolewa kinauma?"

"Kinauma sana," akasema, akanishika mkono mwingine. "Mwandike, nesi. Asili, namba saba."